Shajara ya haidrofoni: kisahani cha kengele kinakwenda Kizimkazi

22 Novemba

Naanza kuandika kwa sababu binti ami kanambia kila kitu kiandikwe, hata kilichoharibika, hasa kilichoharibika kasema. Yeye anasoma shahada ya pili ya mambo ya bahari, mie fundi redio na simu, kibanda changu Mwanakwerekwe, bahari naijua ya kwenye sahani tu. Kaja na swali moja. Kuna kifaa cha kusikiliza chini ya maji, haidrofoni wanakiita, kukinunua kunakula nusu ya hela yake ya utafiti, je mie naweza kukitengeneza? Nkasema naweza, hata sijajua ni kitu gani.

Anachotaka ni kujua pomboo wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, wanasikia nini pale boti za wageni zinapowazunguka asubuhi. Waliomtangulia walitumia macho zaidi, walikaa baharini wakaandika pomboo wanafanya nini, wanapumzika, wanakula, wanacheza au wanakwenda tu, na wakakuta boti zikiwepo kupumzika kunapungua, kucheza kunapungua, kule kwenda kwenda kunazidi mara mbili na zaidi. Yaani mnyama kutwa yuko njiani. Binti ami anataka kuongeza masikio juu ya hayo macho.

Nimemwita Daktari, bado hajawa, ila linamkera kidogo ndo maana naendelea nalo.

25 Novemba

Kumbe moyo wa haidrofoni ni kitu nachokitupa kila siku. Kile kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati, kinachotoa mlio kwenye saa za mezani na kengele za mlangoni, ukikipa umeme kinatikisika kinatoa sauti, na ukikitikisa wewe kinatoa umeme. Piezo. Nina kopo zima chini ya meza. Nimechagua cha milimita 27, nimechomea waya wenye kizio (ule wa antena ya tivii, ndo mzuri, hauvuti makelele ya nje) nikakiziba kwa gundi ile ya mirija miwili ndani ya kifuniko cha chupa ya dawa.

Jaribio la kwanza kwenye ndoo. Hakuna kitu, mvumo tu mmmmm wa umeme wa nyumba. Nimegonga ndoo na kijiko, kimesikika kijiko kwa mbaaali kama kiko Pemba.

27 Novemba

Tatizo nimelipata, sio kisahani ni njia. Kisahani kinatoa umeme mdogo mno na hakina nguvu ya kuusukuma, ukikiunga moja kwa moja kwenye rekoda, rekoda inaunywa wote na hasa zile sauti nene zinapotea kabisa. Kinataka kikuza sauti cha kati chenye mlango usionyonya. Nikakumbuka ninayo mikisa iliyokufa ya kikundi kimoja cha taarabu, wameiacha tangu mwaka juzi hawakuirudia wala hawapokei simu, ndani yake TL072 nane, vile vichipu vya kukuza sauti. Nimeng'oa moja, betri ya volti 9, ukinzani wa megaomu moja pale mlangoni. Usiku nimezamisha kwenye pipa la maji la mama, nikasikia tone linaloanguka kutoka kwenye bomba kama mtu anagonga mlango wa msikiti. Mama kauliza kwa nini niko na hedfoni kwenye pipa saa sita za usiku. Sikuwa na jibu fupi.

Hela iliyotumika mpaka sasa haifiki elfu thelathini, na nyingi ni gundi.

3 Disemba, Kizimkazi

Safari ya kwanza. Tumelala kwa shangazi yake Daktari, tumetoka Kizimkazi Dimbani baada ya alfajiri, kaskazi bado haijakaa sawasawa, bahari shwari. Nahodha ni mzee wa pale pale, mashine yake ya farasi 15, kanitazama na kiboksi changu kanambia, "Fundi, hicho ndo cha kuwasikiliza? Mie nawasikia bila hicho." Nikadhani ananikejeli.

Tumezima mashine, nikateremsha kisahani mita nne, na chubwi ya jarife (kile kizito cha wavu mkubwa wa kunasia samaki) chini yake kisiyumbe. Nikavaa hedfoni.

Makelele! Chwachwachwachwa, kama kuna mtu anakaanga vitumbua kwenye karai kubwa na mafuta yamepata moto kupita kiasi. Nikajua gundi imepasuka, maji yameingia, kazi ya wiki nzima imekwenda. Nikakitoa, nikakikausha, nikakirudisha, chwachwachwa vile vile. Daktari kaniomba hedfoni, kasikiliza sekunde mbili akaanza kucheka. Ni kamba. Kuna kamba wadogo wa kwenye matumbawe wenye gando moja kubwa, wakilifunga kwa kasi maji yanaruka kwa nguvu mpaka kinatokea kiputo, kiputo kikijifunga ndo kinatoa mlio. Maelfu yao usiku na mchana. Bahari yetu haijawahi kuwa kimya hata siku moja, na mie miaka thelathini na ushei naoga ndani yake sijui.

Nimempa Nahodha avae. Kasikiliza muda, kisha kasema, "Kinakaanga." Basi.

Pomboo hatukuwaona siku hiyo.

5 Disemba

Tumewapata. Saa moja kasoro, upande wa kusini, kundi la kama kumi na mbili hivi na mtoto mmoja ubavuni mwa mama yake, boti yetu peke yetu. Nahodha alizima mashine mbali sana, mie nikaona anapoteza muda, ila wale wakaja wenyewe.

Sijui niandikeje. Kwanza miluzi, mwembamba unaopanda na kushuka na mwengine unajibu, Daktari anasema kwa jamii hii ya pomboo kila mmoja ana mluzi wake mwenyewe kama jina, na mama na mtoto wakipoteana ndo wanaitana hivyo. Chini ya miluzi kuna ta-ta-ta-trrrrr kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole na mwizi. Hiyo ndo tochi yao, wanapiga mlio wanasikiliza mwangwi. Sehemu kubwa ya mlio huo sisi hatuisikii, unapita kilohezi mia, yaani mitikisiko laki moja kwa sekunde, sikio la mtu linaishia ishirini tena likiwa la kijana. Rekoda yetu inachukua sampuli 96,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwisho wake ni kilohezi 48, tunakamata kidogo cha pembeni tu. Inatutosha, miluzi yenyewe iko chini ya hapo.

Dakika kumi na moja. Halafu zikaja boti.

Nilikuwa nimevaa hedfoni na sauti juu, nusura nizitupe baharini. Sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, kwa hiyo mashine uliyoiona kama nzi kwenye upeo wa macho huku chini imeshafika. Zilikuwa nne, zikawa saba, manahodha wanakimbizana nani atangulie mbele ya kundi awateremshe wageni majini, pomboo wanapiga mbizi wanaibukia kwengine, mashine zote zinavutwa gesi kwa pamoja kuwafata, wageni wamevaa miwani wanasubiri kurushwa kama mizigo. Miluzi sikuisikia tena. Kama walipiga, sie hatukuweza kujua.

9 Disemba, mjini

Nimekaa na Daktari kwenye laptopu, Audacity, programu ya sauti, imefunguliwa upande wa picha, sauti inakuwa mchoro, chini nene juu nyembamba. Ile ta-ta-ta ni mistari ya kusimama kama ufagio. Miluzi ni kama uzi umeangushwa sakafuni. Kamba ni vumbi picha nzima. Boti zikiingia ni kama mtu kamwaga rangi.

Kitu ambacho sikukitegemea: makelele mengi hayatoki kwenye mashine. Mlio wa mashine yenyewe uko chini, mnene. Ile rangi inayofunika miluzi inatoka kwenye propela, panga zikizunguka kwa kasi zinatengeneza viputo, viputo vinajifunga, kila kimoja na mlio wake. Yaani ni kitu kile kile cha yule kamba na gando lake. Tofauti ni kwamba kamba anafunga gando mara moja, propela haipumziki.

Na inategemea mkono. Kwenye rekodi unaona kabisa, boti inayokwenda polepole bila kubadilisha gesi ni mstari mwembamba pale chini, miluzi inapita juu yake salama. Anayevuta gesi ghafla, anaachia, anavuta tena, anageuza kwa nguvu, huyo ndo anamwaga rangi. Boti ile ile mashine ile ile. Daktari alikuja na fikra ya kuhesabu boti, sasa anasema itabidi tuhesabu na mikono.

14 Disemba

Kisahani namba moja kimekufa, maji yameingia penye waya. Namba mbili nimekizungushia rizini ya boti za faiba, mafundi wa Kizimkazi wamenipa bure kwa sharti la kuwatengenezea redio. Imekauka na kiputo ndani, nimeitoboa nikajaza tena. Haipendezi ila inafanya kazi.

19 Disemba

Msimu umechachamaa. Hoteli zimejaa, mapapasi, wale madalali wa wageni, wanauza "kuogelea na pomboo" mpaka mjini, mgeni anaamshwa saa kumi za usiku huko Nungwi, kaskazini ya kisiwa, anafika Kizimkazi na usingizi, kaahidiwa pomboo na anataka pomboo. Nahodha naye akirudi mgeni hajaona mkia anapata maneno, na bakhshishi hapati. Hili nataka liandikwe kwa sababu watu wa mjini tunapenda kuwalaumu manahodha. Muongozo upo, usiwakate mbele, usiwazunguke, usijazane, wanaujua vizuri, wengine wanakusomea kwa ghibu. Lakini muongozo hauko ndani ya boti pale mgeni anapokwambia songa, songa, songa.

Nimemuuliza Nahodha mbona yeye anazima mbali. Alikuwa anachota maji kwenye boti, hakuinua uso. "Mwanangu, mie hawa nimewaua." Kisha kaeleza, kwa utulivu tu kama anasimulia bei ya samaki. Zamani pomboo hapa alikuwa chambo. Mafuta na nyama yake papa anaipenda, wanamzunguka kundi, wanampiga kwa chusa au nyavu, anakatwa vipande anatiwa kwenye ndoana. Wageni wameanza kuja kuwatazama mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikaonekana pomboo mzima analipa kila siku na mfu analipa mara moja, na kabla ya miaka ya 2000 kuingia uwindaji ukawa umekwisha. Hifadhi ya Ghuba ya Menai ikatangazwa 1997. "Wakati ule tukitaka kuwakamata tunakwenda na mashine kwa kishindo wachanganyikiwe. Sasa nikiona boti zinawafanyia vile najua wanadhani nini."

Sikuwa nimerekodi. Nimeandika usiku kwa kumbukumbu.

27 Disemba

Siku nne mfululizo. Tumehesabu boti nyingi kuliko nilivyodhani Kizimkazi inazo, siku moja kumi na tatu kwenye kundi moja, na hilo kundi hata kumi hawafiki. Tukumbuke hawa si wengi. Makisio yaliyofanywa kati ya 1999 na 2002 yaliwaweka pomboo wa aina hii pale kusini kati ya 136 na 179 tu, na wale wenye nundu mgongoni, aina nyengine, hawafiki hata sabini. Jike anazaa mtoto mmoja, mimba mwaka mzima, halafu anamlea miaka kadhaa kabla ya mwengine. Ni mtaa mdogo, kila mtu anamjua mwenzake kwa mluzi.

Kitu kimoja kizuri: asubuhi ya tarehe 26 Nahodha kakubaliana na wenzake wawili wazime pamoja na wasubiri. Wageni walinuna dakika tano. Pomboo wakaja chini ya boti zote tatu, wageni wakapiga mayowe, na rekodi ya pale ndo safi kuliko zote tulizonazo. Dakika ya tisa ikafika boti ya nne.

3 Januari

Sijui niandike hii au niiache. Daktari kasema iandike.

Jioni Kizimkazi Mkunguni mvuvi wa jarife kaleta pomboo. Hakumtaka. Jarife linatupwa jua likizama linaachwa usiku kucha kwa ajili ya jodari, papa na taa, asubuhi akivuta akamkuta kazongwa mkia na pezi. Pomboo ni kama mimi na wewe, anavuta pumzi, akizuiwa chini anakufa kwa kukosa hewa tu. Jike. Daktari alikuwa anampima urefu, kamwangalia matiti, kanyamaza, kaendelea kupima. Alikuwa ananyonyesha.

Mie mara ya mwisho kusimama mbele ya pomboo mfu nilikuwa mtoto, Aprili 2006 Nungwi, mamia walikwama ufukweni kwa mara moja, baba alinipeleka kuangalia. Pale walikuwa wengi mpaka huhisi kitu. Huyu mmoja nimemhisi.

Mvuvi kakaa juu ya dau, kavunjika moyo kabisa. Jarife limechanika pande mbili, kulitengeneza ni hela na siku. Katuuliza, na hakuuliza kwa ubaya, "Nyie mnarekodi kelele za boti. Jarife langu lina kelele gani?"

4 Januari

Sikulala vizuri. Swali la yule bwana.

Jarife halina sauti. Mwezi na zaidi niko na hedfoni nawachukia wenye boti kwa sababu nawasikia, na kinachowaua hakimo kwenye rekodi hata moja. Daktari kanambia hilo lajulikana, Dk. Omar Amir, mtafiti wa pomboo wa Unguja, na wenzake wamelisema tangu miaka ya 2000 mwanzoni, kwamba kwa pomboo wa Unguja hatari kubwa ni majarife. Na si hapa tu, Bahari ya Hindi nzima kuna makisio kwamba nyavu za jodari zimeua pomboo na nyangumi wadogo milioni 4.1 kutoka 1950 hadi 2018, na miaka ya 2004 mpaka 2006 ilikuwa kama laki moja kwa mwaka. Nikamwambia sasa mbona tunahangaika na propela? Kasema boti haimuui, inamchosha, inamnyima usingizi na kunyonyesha, na mnyama wa mtaa mdogo anayepata hasara ya jarife hawezi kulipa na hiyo tena. Viwili vinajumlishwa. Nimeelewa, lakini sijaridhika.

Tukaingia kwenye swali la kifundi. Ile tochi ya pomboo inaona samaki mdogo, kwa nini haioni wavu? Kwa sababu uzi ni mwembamba na umejaa maji, mwangwi wake mdogo sana, na mnyama mwenyewe hapigi tochi kila wakati, mara nyengine anakwenda kwa mazoea kama unavyopita chumbani kwako gizani. Jibu moja ambalo dunia imelipata ni kuupa wavu sauti. Kidude kinafungwa kwenye kamba ya jarife, kinalia kwa kilohezi kama kumi, sehemu ya tatu ya sekunde, kila baada ya sekunde nne. Wamekijaribu hapa hapa Unguja kwenye majarife yanayoelea na ya chini, pomboo walionaswa wakapungua. Ila cha kununua kinatoka nje, bei si ya mwenye dau, na betri ikiisha kinakuwa jiwe.

Mlio kila sekunde nne. Hiyo ni ai-si ya 555, kile kichipu cha kuhesabu muda, na kisahani cha kengele, nimeitengeneza nikiwa darasa la saba.

8 Januari

Daktari hajafurahi sana. Anasema tumeanza mradi wa kulalamika kuhusu makelele na sasa nataka kuongeza makelele. Kweli. Na pomboo anaweza kuzoea, na ukivifunga vingi mno unawafukuza mahali pao pa kula. Tumekubaliana hivi: haidrofoni inaendelea kama kawaida, hicho ndo kitabu chake cha shahada, kidude cha jarife ni kazi yangu ya jioni na hakiingii majini bila ya yeye na msimamizi wake kukubali mpangilio, jarife lenye vidude na lisilo navyo, usiku kwa usiku, kila kitu kwenye daftari.

15 Januari

Kidude namba moja kinalia sana na kinamaliza betri usiku mmoja na nusu. Namba mbili nimepunguza, kinatosha siku tisa lakini hakisikiki zaidi ya mita kumi kwenye haidrofoni. Kati ya hapo kuna jibu. Haidrofoni sasa imekuwa kipimo changu, nimefurahi kupata mtoto wa kumkagua mtoto mwengine. Boksi ni mrija wa maji wa plastiki, vifuniko viwili, rizini. Namba tatu kimekaa mita kumi na tano chini siku mbili, hakikuingia maji.

Jarife la yule bwana pande zikiungwa linapita nusu kilomita. Vinatakiwa sita.

29 Januari

Kibali kimepatikana, cha majaribio madogo. Rekodi za boti zimefika saa arubaini, Daktari anazichambua, mie sizisikilizi tena ila pale anaponiita nitambue mashine, sasa naweza kukwambia huyu ni fulani kwa mkono wake wa gesi.

Jioni tumempelekea mvuvi vidude sita. Kakaa barazani na mjukuu wake wa miaka sita au saba. Kakichukua kimoja, kakigeuza, kakitia sikioni. "Hakilii." Nikamwambia kinalia baba. Katia sikio la pili. "Fundi, kimekufa hiki." Miaka hamsini ya bahari na mashine za farasi arubaini nyuma ya mgongo, kilohezi kumi zimeshamtoka zamani. Nikatafuta simu nimwoneshe kwenye picha ya sauti, lakini hapo mjukuu alikuwa keshaziba masikio yake kwa mikono miwili, kakunja uso, kila baada ya sekunde nne anakunja tena. Mzee kawa anamtazama yule mtoto, si kidude. Kamtazama mara tatu nne hivi.

"Haya," kasema, "tukakifunge."